Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Zana za Uokoaji Ziwemo Ndani ya Kompyuta



Katika ofisi nyingi za umma, za ushirika na za watu binafsi, kompyuta imekwisha kuchukua nafasi ya daftari la hesabu, ya kabati la majalada na ya leja ya mishahara. Jambo hilo ni la heri, kwani limerahisisha kazi. Lakini limeleta pia wajibu mpya ambao haujatiliwa mkazo wa kutosha. Daftari likichanika ukurasa mmoja, kurasa zilizobaki husomeka. Kompyuta ikikataa kuwaka, kurasa zote hufungwa kwa mara moja, na mwananchi aliyetoka mbali kufuata cheti, dawa au malipo yake huambiwa arudi kesho.

Kila mashine huharibika. Hilo halina mjadala. La kuulizwa ni hili: siku itakapoharibika, fundi atakuwa na nini mkononi? Wahenga walikwisha kulijibu swali hilo waliposema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Zana za kupima na kutengeneza kompyuta yafaa ziwekwe ndani ya kompyuta yenyewe mapema, wakati bado nzima, na watu wa mahali hapo hapo wafundishwe kuzitumia. Zana iliyoko ng'ambo, au katika duka la mji mwingine, au katika kichwa cha fundi mmoja aliyekwenda likizo, ni fimbo ya mbali.

FUNZO LA JULAI 2024

Mfano mkubwa kuliko yote ulionekana duniani siku ya Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya Kimarekani iitwayo CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta dhidi ya wavamizi, ilituma sasisho dogo kwa wateja wake. Saa za Afrika Mashariki ilikuwa saa 1:09 asubuhi. Ndani ya sasisho hilo mlikuwa na kosa: programu ilitazamia kupokea vipengele 21 vya habari, nayo ikapewa 20. Ilipokwenda kukitafuta cha 21 ilisoma mahali pasipokuwa pake katika kumbukumbu ya mashine, na kwa kuwa programu hiyo hukaa ndani kabisa ya kiini cha mfumo, Windows nzima iliporomoka.

Kosa hilo liligunduliwa na sasisho likaondolewa saa 2:27 asubuhi, yaani baada ya dakika 78. Walakini dakika hizo zilitosha. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Viwanja vya ndege, mabenki, hospitali na vituo vya televisheni katika nchi nyingi vilikwama. Shirika la ndege la Delta la Marekani peke yake lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku zilizofuata, na mkuu wake akataja hasara ya dola milioni 500.

Sasa, Ndugu Wananchi, na itazamwe dawa ya ugonjwa huo. Dawa ilikuwa kufuta faili moja katika folda moja, kisha kuiwasha mashine upya. Kwa fundi aliyezoea, hiyo ni kazi ya dakika chache. Mbona basi mashirika yenye fedha nyingi na wataalamu wengi yalihangaika kwa siku kadhaa, na mengine kwa zaidi ya wiki?

Sababu ni kwamba dawa haikuweza kupelekwa kwa njia ya mtandao. Mashine isiyowaka haipokei ujumbe. Ilimlazimu mtu aende kwa miguu yake hadi mbele ya kila kompyuta, aiingize katika mazingira ya uokoaji, aandike amri, afute faili lile, kisha ahamie kwenye mashine inayofuata. Aidha, mashine nyingi zilikuwa zimefungwa kwa kufuli la BitLocker, ambalo hugeuza maandishi yote ya diski kuwa fumbo, na kufuli hilo hudai ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48. Palipokuwa na watu waliouhifadhi ufunguo huo ndani ya seva iliyoanguka pamoja na nyingine, ufunguo ukawa umefungiwa ndani ya nyumba.

Siku ile ilidhihirika kwamba ukubwa wa shirika si kinga. Waliopona upesi ni wale waliokuwa na watu karibu na mashine, funguo zilizohifadhiwa pengine, na zana zilizokwisha kutayarishwa.

MFUMO MDOGO ULIOLALA

Watumiaji wengi hawajui kwamba ndani ya kompyuta yao mna mifumo miwili. Uko ule mkubwa wanaoufanyia kazi kila siku, na uko mwingine mdogo uliolala kando yake katika sehemu ya diski iliyotengwa. Huo mdogo ndio unaoitwa mazingira ya uokoaji. Katika zama za Windows 2000 na XP palikuwa na njia ya maandishi matupu tu iliyohitaji amri za kukariri, na kwa kawaida ilianzishwa kwa kutumia sahani ya programu. Tangu toleo la Vista, lililotoka kwa umma Januari 2007, mfumo mdogo kamili umekuwa ukiambatana na Windows.

Mfumo huo haukai juu ya ule mkubwa. Unapoitwa, hupakiwa wote katika kumbukumbu ya kazi ya mashine na kuendesha mambo kutoka humo, hivyo fundi huweza kuichunguza diski ya mfumo mkubwa kama daktari anavyomchunguza mgonjwa aliyelala kitandani. Kompyuta ikijaribu kuwaka mara mbili mfululizo ikashindwa, mfumo huo hujitokeza wenyewe bila kuitwa.

Ndani yake mna vyombo vichache vya kuanzia. Kipo cha kurekebisha mwanzo wa mfumo, cha kuirudisha mashine katika hali ya siku zilizopita, cha kuondoa sasisho lililoleta madhara, na cha kusimika Windows upya. Kipo pia kidirisha cha kuandikia amri, ambacho kwa fundi hodari ndicho chenye thamani kuliko vyote.

Vyombo hivyo si vibaya, lakini ni sawa na sanduku la huduma ya kwanza lenye bendeji na dawa ya maumivu. Anayeumwa kichwa atasaidiwa. Aliyevunjika mguu anahitaji zaidi. Diski inapoanza kufa, sanduku hilo halina chombo kizuri cha kuokoa maandishi yaliyobaki kabla haijazima kabisa. Ramani ya diski inapofutika, halina chombo cha kuitafuta. Mara nyingine halina hata kiendeshi cha kulitambua diski la mashine ya aina mpya, na fundi huambiwa kwamba hakuna diski, ilhali diski limo mbele yake.

ZANA ZIPI ZIONGEZWE

Haja ya kuliongezea sanduku hilo vyombo si mpya. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Kimarekani, Mark Russinovich na Bryce Cogswell, walianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Winternals. Miongoni mwa bidhaa zao ilikuwa ERD Commander, iliyomwezesha fundi kuiwasha mashine iliyokufa kwa kutumia sahani, kuona mafaili yake, kuyanakili, na kubadilisha neno la siri lililosahauliwa. Mwaka 2006 Microsoft iliinunua kampuni hiyo, na zana zile zikawa chanzo cha mkusanyo wa Microsoft uitwao DaRT. Mkusanyo huo ulikuwa mzuri, lakini uliuzwa kwa mashirika yenye mikataba maalumu na kampuni hiyo. Mwenye duka la stesheneri, shule ya sekondari ya kata au zahanati ndogo hakuwa na mlango wa kuingilia.

Kwa bahati njema palikuwa na njia nyingine, nayo ilijengwa na watu waliotoa kazi yao bure kwa manufaa ya wote. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo wa Linux unaofanya kazi kutoka katika sahani bila kugusa diski ya mashine. Baadaye ukaja mfumo ujulikanao leo kama SystemRescue, uliotengenezwa mahususi kwa ajili ya mafundi wa uokoaji. Programu hizi na zana zilizomo ndani yake ni mali huria: mtu hupata ruhusa ya kuzitumia, kuzinakili na kumpa jirani, bila kulipa ada ya leseni.

Anayetaka kuandaa sanduku kamili azingatie mambo manne, na ayafuate kwa mpangilio wake.

La kwanza ni kupima kumbukumbu ya kazi. Kumbukumbu mbovu huleta dalili za kila aina, na fundi asiyeipima atabadilisha programu mwezi mzima bila kupata nafuu. Programu ya Memtest86, iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, na nyingine zilizotokana nayo, huandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu mara nyingi hadi kosa lijitokeze.

La pili ni kupima afya ya diski. Diski nyingi hujiwekea rekodi ya makosa yao wenyewe, saa zilizofanya kazi, na idadi ya sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa. Zana ya kuisoma rekodi hiyo humwambia fundi kama diski ni la kutengenezwa au la kuokolewa haraka. Kosa kubwa la mafundi wengi ni kulilazimisha diski linalokufa lijirekebishe, na kwa kufanya hivyo wanalimalizia pumzi zilizobaki.

La tatu ni kuokoa maandishi. Hapa zana ya GNU ddrescue ina sifa ya pekee. Huanza kunakili sehemu nzima za diski zote, ikiziruka zile mbovu na kuziandika katika orodha. Kisha huzirudia zile mbovu kwa subira, kipande kwa kipande. Umeme ukikatika katikati ya kazi, huendelea pale ilipoishia kwa kuifuata orodha ile. Na kama ramani ya diski imepotea, TestDisk ya Mfaransa Christophe Grenier huweza kuitafuta mipaka ya zamani na kuirudisha.

La nne, ambalo husahauliwa, ni viendeshi. Mazingira ya uokoaji yasiyotambua diski wala waya wa mtandao wa mashine husika ni chumba cha upasuaji kisichokuwa na taa.

NAMNA YA KUZIONGEZA

Wengi hudhani kwamba mfumo huo mdogo umefungwa na watengenezaji hata hauwezi kuguswa. Dhana hiyo si ya kweli. Mfumo wote umo ndani ya faili moja liitwalo winre.wim. Microsoft yenyewe imetoa amri iitwayo DISM ya kulifungua faili hilo kama mtu afunguavyo sanduku, kutia vitu ndani, na kulifunga tena. Humo hutengenezwa folda ya zana, programu inayotakiwa ikawekwa, pamoja na faili dogo la maelezo linaloutambulisha mfumo kwamba chombo kimeongezwa. Kisha amri nyingine, reagentc, hutumika kulisajili faili hilo na kukiweka chombo kipya katika orodha inayoonekana siku ya taabu. Viendeshi navyo huingizwa kwa njia hiyo hiyo ya DISM.

Yapo mambo matatu ya kuangaliwa ili kazi isije ikaharibika.

Jambo la kwanza ni kwamba si kila programu inayofanya kazi katika mfumo mkubwa itakubali katika ule mdogo. Mfumo mdogo wa biti 64 hauendeshi programu za biti 32. Fundi achague zana zinazojitegemea, zisizohitaji kusimikwa, tena za aina inayolingana na mfumo.

Jambo la pili ni nafasi. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la usalama la mazingira ya uokoaji, na katika kompyuta nyingi likashindwa kuingia kwa sababu sehemu ya diski iliyotengwa ilikuwa ndogo mno. Watumiaji wa kawaida, waliokuwa hawajapata kusikia habari za sehemu hiyo, walielekezwa waiongeze kwa megabaiti 250 kwa kuandika amri moja baada ya nyingine. Kwa hiyo anayeandaa mashine mpya aiachie sehemu hiyo nafasi ya kutosha tangu mwanzo. Gharama yake ni ndogo, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la tatu ni kwamba mfumo mkubwa unapopandishwa toleo, faili la uokoaji huweza kubadilishwa na jipya, na zana zilizoongezwa zikatoweka kimya kimya. Sanduku lililojazwa mara moja na kusahauliwa si sanduku la kutegemewa. Baada ya kila toleo jipya, likaguliwe.

ZANA ISIYOJARIBIWA

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilitoa sasisho la kila mwezi la Windows 11. Baada ya kulipokea, watu waligundua kwamba kibodi na kipanya vya USB, ambavyo katika kazi za kila siku vilifanya kazi vizuri, havikufanya kazi kabisa ndani ya mazingira ya uokoaji. Maana yake ni nini? Ni kwamba mlango wa dharura ulikuwepo, umeandikwa na kuwekewa taa, lakini kitasa kimeng'olewa. Sasisho la kurekebisha lilitoka tarehe 20 Oktoba. Katika siku hizo sita, asiyejaribu mlango asingejua, na aliyehitaji kuutumia angegundua wakati moshi umekwisha kujaa nyumbani.

Basi kujaribu ni sehemu ya kazi. Katika ofisi yenye kompyuta kumi, ichaguliwe moja kila baada ya miezi mitatu, iingizwe makusudi katika mazingira ya uokoaji, na mtu afungue faili, anakili waraka mmoja kwenye flashi na kuiwasha mashine upya. Kazi hiyo haichukui saa nzima. Itaonyesha kama kibodi inaitika, kama diski linaonekana, kama ufunguo wa BitLocker uliohifadhiwa ndio wenyewe, na kama yuko mtu zaidi ya mmoja anayejua kufanya hivyo. Majeshi hufanya mazoezi wakati wa amani kwa sababu hiyo hiyo.

ADUI NAYE ANAJUA

Kuna jambo jingine linaloonyesha thamani ya mazingira haya. Mwezi Mei 2017 programu ya uharamia iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi nyingi, ikiyafungia mafaili ya watu na kudai fidia, na ikavuruga kazi za hospitali nchini Uingereza. Miongoni mwa amri ilizotoa ilipoingia katika mashine ni kufuta nakala za zamani za mafaili na kuzima uwezo wa mfumo wa kujiokoa. Mwizi yule aliijua kazi yake: kabla ya kumpora mwenye nyumba, alimnyang'anya fimbo.

Kutokana na hayo, mazingira ya uokoaji yaliyomo ndani ya diski hayatoshi peke yake. Diski likifa, nayo yamekufa. Ni lazima iwepo flashi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iliyobeba zana zile zile, na kuwekwa mahali panapojulikana. Na juu ya yote hayo pawepo nakala za akiba za data, zilizotengwa mbali na mashine na mbali na mtandao. Zana za kutengeneza huirudisha mashine kazini. Data iliyopotea bila nakala mara nyingi hairudi kwa zana yoyote.

Upande wa pili wa jambo hilo nao usifichwe. Zana inayomwezesha fundi kuingia katika mashine bila neno la siri humwezesha na mwizi. Sasisho lile la Januari 2024 lilitolewa kuziba udhaifu ulioweza kumruhusu mtu aliyeishika mashine mkononi kuikwepa BitLocker kwa kupitia mazingira ya uokoaji yenyewe. Hivyo, anayeongeza zana aongeze na ulinzi. Diski za ofisi zifungwe kwa usimbaji. Funguo za tarakimu 48 zichapwe katika karatasi, zitiwe katika bahasha iliyofungwa, ziwekwe katika kasha la chuma, na kila atakayeifungua bahasha asaini daftari. Utaratibu huo wafanyakazi wa masjala wanaufahamu tangu zamani. Kompyuta haikuja kuufuta.

KUJITEGEMEA KATIKA UFUNDI

Ndugu Wananchi, historia ya kompyuta nchini Tanzania ina somo lake. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya matumaini yaliyowekwa katika kuhesabu fedha za Serikali kwa mashine kuishia katika hasara. Marufuku hiyo ilikwisha kuondolewa zamani, na hakuna anayetaka irudi. Lakini ukweli uliokuwa nyuma yake bado una uzito: mashine iliyonunuliwa bila ujuzi wa kuitawala na kuitengeneza humtawala aliyeinunua.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza kujitegemea, na tafsiri yake katika karne hii haihitaji kila taifa litengeneze kompyuta zake kuanzia msumari wa kwanza. Inahitaji kwamba mahali penye kompyuta pawe pia na mkono wa kuiponya. Tofauti baina ya mtumiaji na mmiliki ni hiyo. Aliyelipa bei ya mashine lakini hana ufunguo wake, hana zana zake, wala hajui mlango wake wa dharura uko wapi, huyo amekodi.

Yapo makampuni yanayosema kwamba wasiwasi huo umepitwa na wakati, kwa kuwa matengenezo sasa yatafanywa kutoka mbali. Ni kweli kwamba Novemba 2024, baada ya msiba wa Julai, Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitibu mashine zilizokwama kwa kupitia mazingira ya uokoaji na mtandao, na mwaka 2025 mpango huo uliingizwa katika Windows 11. Ni hatua nzuri, na wenye mashine yafaa waifahamu. Hata hivyo ina mipaka miwili. Mashine iliyokwama haina budi kuufikia mtandao ili dawa imfikie mgonjwa. Na dawa yenyewe hutengenezwa kwa ugonjwa ambao mtengenezaji ameutambua, yaani ule uliowapata wengi. Diski moja linalokufa katika chumba cha uhasibu cha chama cha ushirika halitatangazwa ng'ambo. Litamsubiri fundi wa pale pale.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mazungumzo yasiyofuatwa na vitendo ni kelele. Kwa hiyo yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wa ofisi yoyote, hata isiyo na bajeti ya kujivunia.

Mkuu wa ofisi aagize iandikwe orodha ya kompyuta zote, na mbele ya kila moja ionyeshwe kama mazingira yake ya uokoaji yamewashwa. Amri moja fupi, reagentc /info, hulijibu swali hilo katika sekunde chache. Itakapoonekana yamezimwa, yawashwe siku hiyo hiyo.

Fundi atengeneze flashi mbili za uokoaji zenye zana huria zilizotajwa, moja ikae ofisini na nyingine nje ya jengo. Kisha aziongeze zana anazozihitaji zaidi, pamoja na viendeshi, katika mfumo mdogo wa mashine zile muhimu kabisa: za malipo, za masjala na za dawa. Ayaandike maelezo yake kwa Kiswahili rahisi, hatua kwa hatua, katika karatasi inayobandikwa ukutani, ili siku asipokuwepo kijana wa zamu aweze kusoma na kutenda. Fundi anayeficha ujuzi wake ili aonekane wa lazima hailindi heshima yake; anaihujumu kazi.

Vyuo vya ufundi navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi hufundishwa kuiwasha kompyuta, kuandika barua na kuchora jedwali, akapewa cheti. Yafaa pia apewe mashine iliyoharibiwa makusudi, flashi moja na saa mbili, aambiwe aokoe mafaili yaliyomo kabla ya kuitengeneza. Mtihani wa namna hiyo hauna majibu ya kukariri, na atakayeufaulu ataajiriwa hata kabla ya kuonyesha cheti.

Mtumishi wa kawaida, asiyekuwa fundi, naye asijitoe. Ajue ufunguo wa mashine yake umehifadhiwa wapi. Ajue kwamba mashine inapotoa mlio usio wa kawaida au kuwa nzito ghafula, ni wajibu wake kutoa taarifa siku hiyo, maana diski linalougua huacha dalili kabla ya kufa, na zana zote zilizotajwa hapa hufanya kazi vizuri zaidi mgonjwa akiwa bado anapumua.

Kwa ofisi ambayo haijaanza, kazi ya kesho asubuhi ni moja tu: kuikagua mashine ya kwanza katika orodha, na kuandika kilichoonekana.